Kaseti Niliyoifuta Mutsamudu

Kazi yangu haikuwa na jina la kuvutia. Kampuni iliyoniajiri Moroni iliuza redio, taipureta, mashine za kukokotoa na vinasa sauti vya kaseti, na mimi nilikuwa mwandaaji wa maonyesho: nitafute mahali, nialike watu, kisha nisimame mbele niwashe mashine mpaka mtu atamani kwenda nayo nyumbani. Wanaume wa ofisini waliniita mpiga debe. Sawa, nilipiga debe. Lakini debe langu liliuza kuliko kalamu zao, na niliwaambia hivyo wapende wasipende.

Uhuru wa visiwa vyetu ulikuwa mchanga na serikali ilikuwa mikononi mwa vijana. Kila mtaa ulikuwa na kamati, na kamati nyingi ziliongozwa na watoto tuliowaona juzi tu wakibeba daftari za shule. Harusi zetu kubwa, zile ambazo mtu huzisubiri maisha yake yote, zilipigwa marufuku pamoja na ngoma zake. Gharama zake kubwa sikuzililia. Kilichonichoma ni kuambiwa na mtu asiyeota ndevu kwamba mama yangu aliishi katika ujinga.

Hapo ndipo mkurugenzi aliponituma Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, na shehena ya vinasa sauti. Alitaka maonyesho yafanyike uwanjani, karibu na bandari, mbele ya wanaume. Nikamwambia wanaume watagusa vitufe, watasifu, kisha watakwenda kuwauliza wake zao. Afadhali nianze na wake. Alinuna. Nilifanya nilivyotaka.

Bibi mmoja mjane, mwenye nyumba ya ghorofa ndani ya vichochoro vya mji mkongwe, alinipa chumba chake cha juu. Wanawake walikuja wamejitanda shiromani, nguo zao nyekundu za heshima, wakavua viatu, wakakicheka Kingazija changu, lugha ya kisiwa chetu, kabla hata ya kuitazama mashine. Nikawaambia waimbe chochote. Walitazamana. Kisha mmoja wao, mama mnene mwenye sauti kali, akaanzisha wimbo wa kumtoa bibi harusi, wengine wakaitikia, na mchi ukagongwa kwenye kinu kitupu. Nilipowarudishia sauti zao, chumba kizima kilishika mbavu. Mashine zote nilizokuja nazo, isipokuwa ile ya maonyesho, zilipata wenyewe siku hiyohiyo.

Walikuwa na sharti moja: sauti ya mke wa mtu haitoki nje ya nyumba. Niliahidi kuifuta kaseti. Waliniomba tu ikae mpaka kesho yake alasiri, waisikilize mara moja zaidi. Walipokuwa wakiondoka, yule mwimbaji alinivuta pembeni.

"Bweni," aliniita, yaani bibi, kwa heshima ya kwetu, "mwenyekiti wa kamati ya mtaa huu ni mwanangu. Akiwekewa sauti yangu mbele ya wenzake, itabidi anihukumu. Akikataa, watamhukumu yeye."

"Mama, nimekupa neno langu," nilimjibu.

Asubuhi nilikwenda posta kumpigia simu mkurugenzi. Nilimpa habari za mauzo, na habari za wimbo pia, maana nilikuwa na furaha. Akaniamuru nimpelekee kaseti. Angeipiga kwa kipaza sauti mlangoni mwa duka, marufuku au si marufuku, Moroni nzima ijae. Nikamwambia wenye sauti hawajaruhusu. Akasema kaseti ni mali ya kampuni, na nisiporudi nayo, nisirudi. Nikakata simu.

Niliporudi kwa mjane, nilikuta kamati imekaa sebuleni: mwenyekiti na wenzake wawili. Wimbo wa jana ulisikika mpaka mtaani. Walitaka kaseti, na walitaka majina ya waimbaji.

"Mtaisikia," nikawaambia. "Lakini mashine ina utaratibu wake. Tulieni niwaonyeshe."

Niliirudisha kaseti mwanzo, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kupigia na kile chekundu cha kunasia, nikasimama kama ninavyosimama kazini. Nikawaeleza betri. Nikawaeleza jinsi ya kukisafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Nikawaeleza kwa nini kaseti isiachwe juani, na mashine isiwekwe karibu na jiko. Wale wawili walisogea kabisa. Mmoja akauliza kama inaweza kunasa hotuba za redioni. Swali zuri, nikamwambia, na nikalijibu kwa urefu. Kaseti ilizunguka ikiandika maneno yangu mahali pa wimbo. Mjane alisimama mlangoni na sinia ya chai, hathubutu kukohoa. Niliongea mpaka utepe ukaisha na kitufe kikaruka chenyewe.

Kisha nikairudisha mwanzo, nikawapigia. Ikatoka sauti yangu, ikieleza betri.

"Wimbo uko wapi?" aliuliza yule wa hotuba.

"Nimeufuta, mbele yenu. Aliyealika watu ni mimi. Andikeni jina langu, mengine sina."

Mwenyekiti alikuwa akitazama mkeka.

Nilihukumiwa kufagia soko, na simu ya upepo kutoka Moroni ikanieleza kwamba sina kazi tena. Nilifagia kichwa juu. Wanawake walipita bila kunisalimu, na walifanya vyema. Lakini kila mchana sahani ya wali na samaki ilinifikia, nami sikuuliza imetoka jiko gani.

Siku niliyomaliza adhabu, mwenyekiti alikuja peke yake akasimama kando ya ufagio wangu.

"Sauti ile niliisikia siku ileile nikipita njiani," alisema polepole. "Naijua tangu nikibebwa mgongoni."

"Basi kaseti ulikuja kuitafutia nini?"

"Nilitumwa, bweni. Mtu akitumwa afanyeje?"

"Na mimi nilitumwa," nikamwambia. "Nikakataa."