Maembe ya mwezi wa nne: nilivyoharibu chupa tisa za mke wangu nikidhani naziokoa

Wakuu, hodi humu ndani.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mke wangu, Mama Fides, nimemsomea kabla ya kutuma, akafuta sehemu mbili nilizojisifia. Kwa hiyo kilichobaki ni ukweli mtupu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Ifakara. Mimi kijana fundi baiskeli, elimu yangu la saba, ila ndoto zangu hazikuwahi kuulizwa cheti. Mke wangu Adelina, na binti yetu Fides, miaka miwili na nusu, mkorofi kama kuku wa jirani.

Kwa wasioijua Kilombero: mvua zikishika, familia nyingi tunahamia bondeni kwenye mpunga. Mnaishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, mnaamia ndege wasile mpunga na kufukuza nguruwe pori mpaka mavuno.

Sasa mwezi wa kumi na mbili mjini maembe yanadondoka mpaka mbuzi wanayakinai. Mwezi wa nne huko bondeni ni maji, mpunga na dagaa. Embe unaliona usingizini tu.

Na mimba ya Fides ilitamani embe mwezi huohuo wa nne.

Wakuu, mke wangu alilia. Siyo kudeka, machozi yalimdondoka huku anatwanga. Nikatoka asubuhi, nikazunguka dungu hadi dungu, jioni nikarudi na ndimu moja. Akaipokea kwa mikono miwili akasema, "Asante, inatosha."

Haikutosha. Nilimwona usoni.

Basi miaka ikaenda, mwezi mmoja wa kumi na mbili Adelina akaniambia hajaona siku zake. Nikahesabu kwa vidole. Mwezi wa nne ungetukuta palepale dunguni.

Bahati nzuri kulikuwa na Sista mmoja parokiani, Jumamosi alikuwa anafundisha akina mama kuhifadhi matunda kwenye chupa. Adelina akaenda, Fides mgongoni. Akarudi na chupa tisa tupu za jamu zenye vifuniko vya bati, na uso ambao sikuwahi kumwona nao. Yeye shule aliachia la nne, kulea wadogo zake. Siku ile alikuwa mwalimu wangu.

"Baba Fides, kaa hapo usikilize. Chupa unachemsha kwanza. Embe unalimenya, unalikata, unalipika na sukari na maji ya limau. Linaingia kwenye chupa likiwa la moto, kifuniko hapohapo, halafu chupa yenyewe inachemshwa tena, kitambaa kikiwa ndani, kwenye kitako cha sufuria, chupa isipasuke. Ikipoa, kifuniko kinabonyea katikati. Hapo imekubali."

Tulifanya Jumapili baada ya misa. Moto wa pumba za mpunga, Fides kajipaka embe mpaka masikioni. Chupa zikapangwa mezani, jua la dirishani likapita katikati yake. Nikaona duka. Kweli tena! Niliona duka letu stesheni ya Mlimba, rafu mpaka darini, abiria wanachungulia madirishani mwa treni wanauliza hizo taa za njano ni za nini.

Adelina akachukua ndoo akaenda kisimani. Mimi nikabaki na chupa.

Nikazigusa. Za moto!

Jamani, mimi ni mtoto wa mpunga. Tangu nikiwa mdogo nimefundishwa jambo moja: mpunga wenye joto haufungwi kwenye gunia. Unautandaza kwenye jamvi, upoe, upate hewa, ndipo uufunge. Ukiufunga na joto lake unavunda, na mwaka mzima mnakula aibu. Nikajisemea, Sista ni mtu mwema ila hajalima mpunga.

Nikafungua vifuniko vyote tisa. Nikapepea kwa ungo kabisa, kwa upendo. Zilipopoa, nikafunga moja moja. Adelina sikumwambia. Nilijiona nimeiokoa familia.

Haikupita wiki mbili vifuniko vikavimba. Povu likatoka. Moja ilifyatuka Fides akapiga makofi. Nyumba nzima ikanuka pombe.

Adelina alisimama mbele ya meza akiwa na kitambaa mkononi.

"Nimekosea wapi? Labda sukari. Sista alisema vizuri, mimi ndiye kichwa kigumu. Ndiyo maana shule ilinishinda."

Wakuu, hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Sikufungua. Nilichukua jembe nikaenda kuzifukia chupa zile na vilivyomo, nikijifanya mwema.

Jumamosi iliyofuata hakwenda kwa Sista. Na iliyofuata pia hakwenda. Rafiki yangu Kasto, fundi mwenzangu, nilipomweleza kijiweni alicheka mpaka spana ikamdondoka.

"Yaani umeanika maembe! Si ungeyapura kabisa!" Halafu akaiokota. "Ila mkeo anajiona mjinga kwa ujinga wako. Hiyo siyo sawa, kaka."

Nilirudi nyumbani mchana uleule. Nikamkuta anachambua mchele. Nikasema yote, hadi ungo.

Akaacha kuchambua. Nilidhani atanirushia ule mchele.

"Ulipepea?"

"Nilipepea."

"Kwa ungo wangu?"

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Akafuta macho kwa khanga. "Kumbe sikukosea," akasema. Alirudia mara tatu. Hilo neno bado nalisikia.

Msimu wa maembe ulikuwa ukingoni. Nikasikia kijiji cha Mbingu kuna maembe ya kuchelewa, nikapanda baiskeli kesho yake. Tope, mvua, mnyororo ukakatika mara mbili na fundi ni mimi. Nikarudi na kikapu hakijajaa. Sista akatupa chupa tatu nyingine.

Safari hii Adelina aliniweka kwenye kigoda. "Mikono chini ya mapaja, baba Fides. Ukiitoa, unalala kwa Kasto."

Tukakaa tukisubiri zipoe. Tik. Kifuniko cha kwanza kikabonyea. Tik. Cha pili. Tulisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua ya kwanza juu ya bati.

Moja alimpelekea Sista, akaanza tena masomo. Mbili tukazifunga kwenye khanga.

Mwezi wa nne ukafika. Dunguni, maji kila upande, mbingu imelala ndani ya mpunga. Nikatoa chupa kama mtu anayetoa pete. Adelina akafungua, ikavuta pumzi, pssst, harufu ya Krismasi ikajaa kibanda.

Akaziba pua.

"Toa! Huyu wa safari hii hataki embe. Anataka dagaa wa kukaanga."

Fides akaimaliza peke yake, akalamba na kifuniko.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, wa kiume. Siku ya pili, mama yuko kitandani, uji umemchosha, akaniambia taratibu, "Ile ya mwisho iko wapi?"

Nikamletea. Niliweka mikono nyuma, akaifungua mwenyewe. Kipande cha kwanza alikula amefumba macho. Cha pili akanilisha mimi.

"Inatosha?" nikamuuliza.

"Sasa inatosha."

Duka la Mlimba sijafungua hadi leo, ila rafu nimeshapima. Nilichojifunza: kanuni ya mpunga ni ya mpunga. Na kosa lako ukilinyamazia, kuna mtu unayempenda atalibeba akidhani ni lake.

Haya, nani mwingine humu ameharibu kitu kwa kujua sana? Karibuni, msinicheke peke yangu. Mama Fides anasoma majibu.