Shikamoo Iliyozua Balaa Ng'ambo ya Busisi

Mimi si mtu wa safari. Lakini mwenye duka mmoja wa Mirongo, Mwanza, alikuja Dar, kwenye kituo chetu cha haki za binadamu pale chuo kikuu, akalia mbele yetu. Mama yake, Bibi Milembe, aliuza pamba kwa mnunuzi binafsi badala ya chama cha pamba cha kijiji, mwaka uleule wanunuzi hao waliporuhusiwa. Kijiji kikamtenga: asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji na wenzake. Na alikuwa anaumwa kifua.

"Akifa sasa hivi," alisema, "hakuna atakayeshika jembe kumzika."

Mkuu wangu akaamua niende kutoa semina. Nikabeba boksi la katiba.

Mwanza nilifika treni imenichosha hadi mifupa. Nikanywa chai, nikapanda basi la Kigongo.

Kigongo tulisubiri kivuko nyuma ya lori la pamba mpaka nikakasirika, nikaishiwa hasira, nikaanza upya. Tulipovuka hadi Busisi, nikabebwa kwa baiskeli, boksi kichwani kama muuza maandazi.

Kijijini, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa bibi anayebangua karanga peke yake. Nikamwamkia. Akanitazama sana.

"Marahaba," akasema. "Pole, mwanangu."

Ile pole niliielewa kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliponiona aligeuza uso, akazungumza na mbuzi wake. Alimwomba mbuzi amweleze mgeni kuwa aliyemsalimia Milembe naye ametengwa. Semina, hata hivyo, iko palepale, kwa sababu watu wanapenda semina.

Mkutanoni walikuja wote, wakakaa wamenipa migongo. Nikafundisha utu na haki ya kuuza jasho lako, huku nikitazama visogo. Maswali yalipitia kwa mbuzi. Mama mmoja alimuuliza kama mume ana ruhusa ya kuuza pamba aliyolima mkewe. Nikamjibu mbuzi kwa kirefu. Jamani, alinisikiliza kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.

Kisha mwenyekiti akasimama kufunga. Viongozi wetu mnawajua, hawawezi kufungua kinywa bila itifaki.

"Wazee, shikamooni."

"Marahaba," ikajibu sauti ya kikohozi kutoka nyuma kabisa.

Alikuwa Bibi Milembe. Masanja, karani wa chama cha pamba, ndiye aliyependekeza bibi atengwe, na sasa akasimama kusema sheria ni msumeno: mwenyekiti naye ametengwa. Mke wa mwenyekiti akasema yeye mumewe atampikia tu, basi naye akatengwa. Dada zake wakampa pole, wakatengwa. Waliowasalimia hao wakafuata. Jua lilipoelekea kuzama, waliotengwa walikuwa kisimani wanachota maji pamoja na kupiga soga, na aliyebaki safi kijiji kizima ni Masanja peke yake, hana wa kusema naye wala wa kumwomba moto.

Basi mwenyekiti akaitisha mkutano mwingine palepale kisimani, akapendekeza Masanja atengwe ili aonje. Mikono ikainuka yote. Nilifurahi, siwadanganyi.

Bibi Milembe hakuinua mkono. Aliingia jikoni kwake, hatua chache kutoka kisimani, akatoka na kaa la moto kwenye kigae, akavuka uwanja akikohoa. Tulimfuata kwa macho. Masanja alikuwa amesimama mlangoni pake. Alitazama moto, akatazama miguu yake, akatazama moto tena.

"Shikamoo, mama," akasema.

Bibi akamaliza kwanza kukohoa.

"Marahaba. Pokea basi, unaniunguza."

Asubuhi niliondoka na boksi langu zima. Mlangoni kwa bibi palikuwa na watu wengi hata sikupata nafasi ya kumuaga vizuri. Kwenye kivuko nilitafuta cha kuandika kwenye ripoti: ni kifungu gani cha katiba kilichomrudisha bibi kundini? Sikukipata.

Siku hizi somo langu naanzia kwa Masanja. Nawauliza wanafunzi kama wangempelekea moto. Wengi husema hapana, nami siwakemei, kwa sababu jioni ile kisimani mkono wangu nao ulikuwa juu.