Daraja Nililolikata Kwenye Kompyuta

Jamani, aibu niliyoipata siku daraja la kwetu Ikuti "lilipokatika" sijawahi kuieleza yote kwa mpangilio. Kila anayeihadithia anaongeza chumvi yake, na ya mwisho niliyoisikia sokoni Tukuyu ilisema mwenyekiti wa kijiji alinichapa fimbo mbele za watu (si kweli, mwenyekiti hata sauti hakupandisha, na nadhani ingekuwa afadhali angenichapa tu), kwa hiyo kaeni niwasimulie mimi mwenyewe niliyeifanya, mcheke mara moja yaishe.

Mimi naitwa Atupele. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa Tukuyu mjini, natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na jioni wateja wakipungua bosi wangu, Dada Sekela, huniachia ile kompyuta kubwa nicheze gemu. Gemu lenyewe ni la kuendesha malori. Najua, msichana mzima anakaa anaendesha lori la kwenye kioo, mama yangu alishalia sana na jambo hilo, lakini utamu wa lile gemu si kuendesha peke yake, utamu ni kwamba linakuruhusu utengeneze misheni yako: unachora barabara, unaweka milima, unaweka mvua, unachagua mzigo, unapanga mpaka balaa litakalomkuta dereva njiani, halafu unaipandisha mtandaoni na watu wa popote wanaicheza. Wenzangu kwenye kundi letu la wachezaji walikuwa wanatengeneza barabara za theluji, watu wa Mbeya na Dar ambao theluji wameiona kwenye friji. Mimi nikasema hapana, mimi naweka kwetu.

Nikaiweka, aisee! Niliweka mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia, nikaweka migomba, nikaweka ukungu ule wa kwetu unaoshuka mchana bila kubisha hodi, nikaweka ng'ombe wa jirani anayependa kulala katikati ya barabara. Kazi ya dereva ilikuwa kupakia majani mabichi ya chai kwenye vituo vya kijijini na kuyafikisha kiwandani kabla hayajanyauka, maana majani yakikaa sana kwenye gunia yanapata joto na kuharibika. Na ili isiwe rahisi, nikaweka balaa: mvua inanyesha, daraja la chini ya kanisa linakatika, dereva inabidi azunguke kwa njia ya mlimani. Daraja lenyewe nililipiga picha kwa simu siku niliyokwenda kumsalimia mama, kila upande, mpaka kile chuma cha pembeni kilichopindwa na lori zamani, nikakiingiza kwenye gemu vilevile kilivyo. Nilikuwa nalitazama lile daraja kwenye kioo mpaka nywele zinanisimama. Nikisema nilijisikia fundi, ni kidogo.

Basi siku nilipoimaliza ilikuwa mchana, siku ya kununua majani kule kijijini, nami wala sikulikumbuka hilo. Nikaipandisha, nikapiga picha ya skrini: daraja limekatika katikati, maji ya udongo yanapita kwa kasi, lori limesimama ukingoni linawasha taa za hatari. Nikaandika kwa herufi kubwa, "DARAJA LIMEKATIKA! CHAI IKO NJIANI! NANI ATAIFIKISHA KIWANDANI?" Na hapa ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Ningeweza kuituma kwenye kundi la wachezaji peke yake. Lakini mzuka ulikuwa umenipanda, nikaona kwa nini watu wengine wanyimwe, nikaanza kutia alama kwenye makundi yote yaliyokuwa juu juu, hili, hili na hili, tuma.

Kundi la wakulima wa chai wa kijijini kwetu lilikuwa la pili kutoka juu.

Na si kundi la kubahatisha, mimi ndiye niliyelianzisha, kwa sababu katibu wao, Baba Lusekelo, simu yake ilikuwa mpya na alikuwa anaogopa kuibonyeza. Kwa hiyo matangazo yote ya kikundi, lori linakuja saa ngapi, mkutano uko lini, yalikuwa yanatoka kwangu. Watu walikuwa wanayaamini kama tangazo la kanisani.

Simu nikaiweka chaji kule nyuma, nikaizima sauti (nilitaka kuangalia kwenye kompyuta watu wakiicheza misheni yangu), na kweli wakaanza, mmoja akaandika "huu ukungu ni hatari", mwingine akazama mtoni akaandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, nami niko pale nacheka peke yangu, mteja anasubiri kopi zake ananitazama tu.

Mara Dada Sekela akaingia mbio, simu mkononi, amenitolea macho.

"Atupele! Umeona hii?"

Nikatazama. Picha yangu! Imezunguka mpaka imemfikia bosi wangu kutoka kwa shangazi yake wa Lufingo. Nikaruka juu, nikapiga makofi. "Umeiona! Si imetoka vizuri? Maji yameniua, hayo maji nimehangaika nayo kweli!"

Dada Sekela akarudi nyuma hatua. "Imetoka vizuri? Atupele, kwenu daraja limekatika, wanasema lori limeingia na dereva, wewe unasema imetoka vizuri?"

Jamani, kuna baridi ya Tukuyu na kuna baridi iliyonipita mgongoni saa ile. Nikakimbilia simu. Simu zisizopokelewa zimejaa, za mama peke yake zimejaza kioo. Kwenye kundi, mtu amejibu "Mungu wangu", mwingine "jamani dereva!", mwingine ameandika tayari kwamba yeye mwenyewe aliusikia mlio wa daraja likianguka akiwa shambani. Na chini kabisa, ujumbe wa sauti wa Baba Lusekelo, anahema: "Wakulima wote, lori haliwezi kuja, bebeni majani mpandishe mlimani mpaka kwenye kituo cha upande wa pili, upesi, yasije yakatuharibikia."

Nikaandika "SI KWELI NI GEMU". Hakuna aliyefungua. Watu walikuwa wameshajitwika magunia, nani anatazama simu? Nikampigia mama, inaita tu. Nikampigia Baba Lusekelo, hapatikani. Nikamwambia Dada Sekela nisamehe, nikadandia bodaboda, nikamwambia dereva Ikuti, akaniuliza, "Ikuti ile iliyokatika daraja?" Nikamwambia endesha tu.

Tulipofika kwenye mteremko wa kanisa nikaona watu. Vijana wana mbao, wana kamba, mmoja amebeba ngazi (ngazi ya nini mtoni, mpaka leo sijui), mchungaji amevaa mabuti ya mvua, na katikati yao mwenyekiti wa kijiji amesimama juu ya daraja. Juu yake kabisa. Limetulia, kavu, na chuma chake kilichopinda. Anakanyagakanyaga kwa mguu kama mtu anayejaribu kitanda kipya. Na nyuma yake lori la chai limezimwa, dereva, Kaka Ambakisye, mzima wa afya, amekaa kwenye ngazi ya mlango anaulizia watu wako wapi. Alikuwa amepita darajani kama kawaida, amefika kituoni kakuta mizani na karani tu, majani yote yamehamia mlimani.

"Lakini mimi nilisikia mlio," yule bwana wa mlio alikuwa bado anasema.

Nikashuka kwenye pikipiki. Nikasema shikamooni, wakaitikia wote kwa pamoja, na nikatamani wasingeitikia. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Atupele, mwanangu, ile picha umeitoa wapi?"

"Nimeitengeneza, mwenyekiti."

"Umeitengeneza. Kwa hiyo daraja limekatika wapi?"

"Kwenye kompyuta, mwenyekiti."

Mwenyekiti akalitazama daraja, akanitazama mimi.

"Na wewe ulikuwa hukohuko kwenye kompyuta ukashindwa kuliunga?"

Vijana wakaangua kicheko, mwenye ngazi akaiweka chini ili acheke vizuri. Nami nikaanza kueleza, na mnajua mtu ukishaanza kueleza ndio unazama, nikasema ni mchezo, kuna misheni, watu wa mbali wanaendesha lori, mchungaji akauliza na hao watu wa mbali wameshaambiwa kwamba daraja ni zima? Hapohapo nikamwona mama anashuka njia ya mlimani. Kikapu kitupu mgongoni, amekuja kuchukua awamu ya pili, kitenge kimelowa tope upande mmoja mpaka kiunoni, maana alianguka na gunia. Akaliona daraja. Akaliona lori. Halafu akaniona mimi na wale watu wanaonicheka, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Atu," akasema taratibu, "ni lile gemu lako?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kicheko kikaisha hapohapo. Nami ndipo machozi yakanitoka.

Lakini majani hayasubiri mtu alie. Yalikuwa kule juu, yanapata joto kwenye magunia, na lori liko huku chini. Kaka Ambakisye akasema ile njia ya mlimani hajawahi kuipita na lori, yeye hupita darajani siku zote, nani anaijua? Na hapa, jamani, moyo ukanidunda kwa namna nyingine, nikafuta machozi, nikasema, "Mimi naijua. Nimeichora."

Nikapandishwa mbele. Mama naye akapanda. Vijana wakarukia nyuma. Tukaanza kupanda, na ukungu ukashuka palepale kama nilivyoupanga, nawaambia nilisahau aibu, nikawa najisikia niko ndani ya misheni yangu mwenyewe, namwambia Kaka Ambakisye, "Sasa hivi kuna mteremko mfupi," unakuja, "kuna nyumba ya bati jekundu kushoto," inakuja, "shika gia ndogo hapa," anashika, ananitazama kwa jicho la pembeni anasema, "We dada, umesomea wapi?" Mama akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia tabasamu, ila siwezi kuapa. Tukafika juu, akina mama wakashangilia, magunia yakapakiwa kwa mikono mingi, tukageuza kuelekea kiwandani.

"Mbele kuna kona pana ya kulia," nikasema kwa majivuno, "ingia tu bila wasiwasi."

Sasa ile kona. Ile kona si pana. Nilipokuwa natengeneza misheni, kila nikiijaribu lori lilikuwa linapinduka pale, nikaona wachezaji watalalamika, nikainyoosha kidogo na kuipanua, nikasahau kabisa kwamba niliipanua kwenye kompyuta na si kwenye mlima. Kaka Ambakisye akaingia bila wasiwasi kama nilivyomwambia, akapiga breki, matairi yakateleza, na lori likaingia taratibu, kwa heshima zote, katikati ya migomba ya mzee mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani kwake anakula ndizi za kuchoma.

Mzee akasimama na ndizi yake. "Mnatoka wapi nyie?"

"Daraja limekatika," kijana mmoja akajibu kule nyuma, na lori zima likalipuka kwa kicheko, hata mama, mama yangu alicheka mpaka akashika dashibodi.

Tulisukuma. Mimi nilisukuma upande wa tairi la nyuma (hakuna aliyenionya, au labda waliona niache tu), tairi lilipozunguka tope lote likaja kwangu, kuanzia usoni mpaka viatuni. Lori likatoka. Tulifika kiwandani wanajiandaa kufunga geti, karani akatumbukiza mkono kwenye magunia akinusa moja baada ya jingine, mengi yakapita, lakini yaliyotangulia kufungwa, yaliyokaa na joto zaidi, yakakataliwa yakamwagwa palepale uani. Gunia la mama lilikuwa mojawapo. Alikuwa ameamka alfajiri kuyachuma. Aliyatazama yakimwagwa, akakunja gunia lake, akaliweka kwapani, akaniambia, "Twende ukaoge." Basi. Nilitamani aniseme.

Mkutano wa kikundi uliofuata nilisimama mbele nikaomba radhi, kwa wakulima, kwa Kaka Ambakisye, kwa mzee wa migomba, ambaye alikuja makusudi kusikiliza. Wakanisamehe, ila uongozi wa lile kundi la simu wakanivua, sasa anao Baba Lusekelo, anatuma ujumbe wa sauti mrefu mpaka unasinzia. Jumamosi mbili nilichuma chai ya mama mpaka vidole vikaota sugu, na jina la Mama Daraja nimeshalizoea, hata wateja wa dukani wananiita hivyo, na mtoto sina.

Misheni bado natengeneza, siwezi kudanganya, sasa nachora barabara ya Masoko kupita kando ya ziwa, ni tamu hiyo acha tu. Ila nimejiapiza. Kabla sijatuma chochote naiweka simu mezani, nasoma jina la kundi kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani, nasoma na maneno "HUU NI MCHEZO" niliyoyaandika juu ya picha kwa rangi nyekundu, ndipo nabonyeza. Wateja wananicheka. Wacheke tu. Aliyelibeba lile gunia mlimani akaja kuyaona majani yake yanamwagwa ni mama yangu, si wao.