Soksi za Adhuhuri

Asikudanganye mtu kwamba baridi huanzia kichwani. Baridi huanzia miguuni, na mke anayemfungia mumewe begi la kwenda thelujini bila soksi za akiba, huyo kamchoka. Mimi nilimfungia Subhan begi miaka kumi na tisa. Mwilini namvalisha shati jepesi la sufu, la pamba silitaki hata kuliona, maana likilowa jasho linakugandia mgongoni. Juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Pheran, joho letu la sufu, ni la kukaa nyumbani na kijungu cha makaa ya moto tumboni, si la kukimbia nalo mlimani. Begini natia glavu za pili, miwani ya jua, mafuta ya haradali ya kupaka usoni, chupa ya chai ya chumvi na mikate miwili. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, soksi kavu za kubadilisha adhuhuri.

Soksi hizo nazifuma mwenyewe. Ni za kijivu kama zote za nyumba hii, ila kwa ndani ya ukingo nazungusha uzi mwekundu, ili Subhan asije akazivaa asubuhi kwa pupa zake. Uzi huo tulikuwa tunaujua sisi wawili tu.

Kazi yake ilikuwa kuvuta watalii kwa sleji, kiti cha kuteleza juu ya theluji, kule mlimani Gulmarg. Kazi ya punda, tena punda anayegombania mzigo, kwa sababu wavutaji ni wengi kuliko wavutwaji. Basi mwaka juzi kikosi cha waokoaji wa mlimani kikatangaza nafasi moja kwa kijiji chetu. Mshahara mwaka mzima, kiangazi na baridi! Waliojiandikisha ni wawili: mume wangu, na Latif, mdogo wangu wa tumbo moja niliyembeba mgongoni mpaka nikaota sugu.

Jaribio lilikuwa la siku nzima. Mnapanda na nguo zenu na mabegi yenu, na adhuhuri mnakaa saa nzima juu ya theluji bila kusogea, kama mwokoaji anavyokaa na majeruhi akingoja msaada. Mkuu wa kikosi anatazama nani amejua kuvaa na kufunga mzigo. Nikasema moyoni, kama mtihani ni begi, kazi tumeshaipata.

Mlimani theluji ilikuwa imejaa zamani, lakini kijijini ya kwanza ilianguka alfajiri ileile. Latif akaja kwetu waondoke pamoja. Kajikunyata jikoni, meno yanagongana.

"Dada, chai yako ndiyo iliyonileta."

"Chai au tumbo? Begi lako mbona limesinyaa hivyo? Glavu unazo?"

"Ninazo."

"Na soksi za akiba?"

"Dada bwana! Mimi mtoto? Ninazo."

Nikamtilia mkate begini hata hivyo, na chupa ya chai, maana ni mdogo wangu. Subhan alikuwa uani anafyagia theluji mlangoni. Latif akasema, "Lete begi la shemeji nimpelekee." Akalichukua. Nikamshukuru. Wallahi, nilimshukuru!

Yaliyotokea juu nimesimuliwa. Adhuhuri wakaambiwa wavue buti wabadilishe soksi. Buti za Subhan zilikuwa zimeingia theluji, miguu chapachapa. Akafungua mfuko wa plastiki: theluji imejaa mpaka juu. Latif akapiga makofi, "Heri ya theluji mpya, shemeji! Karamu hiyo!"

Kwetu theluji ya kwanza ina mchezo wake. Unaifunga kidogo, unampa mtu kama zawadi, na akiipokea bila kushtuka anakulisha karamu. Waokoaji waliokuwapo wakacheka. Mkuu wa kikosi hakucheka.

"Na soksi zake ziko wapi?"

"Hazikuwamo, mkuu," Latif akajibu. "Nilikuta mfuko mtupu, nikaona niujaze. Labda dada alisahau."

Subhan, kwa ubishi wake, hakukubali kushuka. Akakaa ile saa nzima na soksi mbichi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vikawa vyeusi, na juma la pili daktari akavikata. Kazi akapewa Latif.

Kuna maumivu nisiyoyajua jina. Subhan hakunipiga, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mehtaba, uliziweka?"

"Niliziweka. Kwa mkono huu."

"Binadamu husahau," akasema, akageukia ukutani.

Wiki tatu! Nikimpa chai anapokea bila kunitazama. Mama yangu mzazi naye, "Mwanangu, kubali tu yaishe." Mpaka nikaanza kujitilia shaka. Naamka nausaka ule ushahidi kichwani: nilizikunja? Nilizitia? Au niliwaza tu kuzitia? Nikakagua kabati mara nne. Hazimo.

Karamu nayo ililazimu, mchezo ni mchezo. Nikachinja kuku, nikapika kondoo kwa pilipili nyekundu, sukumawiki ya kwetu na wali. Hata nikaanza kumfumia Latif soksi za kazi yake mpya. Mjinga mimi.

Akaja mchana na Mama, akavua buti mlangoni, akaketi karibu na bukhari, jiko letu la kuni la kupashia chumba joto. Joto likamzidi, akazikunja soksi chini kidogo. Nikapiga magoti mbele yake na birika na beseni anawe mikono. Ndipo nikauona. Uzi mwekundu, duara zima, kwenye kifundo cha mguu wa mdogo wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Wangu mimi alikuwa kaivaa nguo yenyewe.

Maji yakawa yanamwagika nje ya beseni. "Latif," nikasema, "soksi hizo kakufumia nani?"

Akatazama chini. Subhan akainua shingo, akauona uzi, na rangi ikamtoka.

"Ungeniomba ningekupa," nikamwambia. "Kikapu kizima cha soksi kilikuwa pale jikoni! Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Kwa nini hukuomba, mwana wa mama yangu?"

Latif akazivua mojamoja, akaziweka kando ya sinia. Akajibu polepole, hata haya hana:

"Ningeomba, na yeye angebaki na zake."

Mama akaanza kulia. Latif akavaa buti miguu mitupu, akatoka. Hakuna aliyemzuia, na wala hakuwa amegusa chakula.

Subhan akaziokota zile soksi, akazishika muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, akanitazama usoni.

"Nisamehe, Mehtaba."

"Nimekusamehe," nikasema, nikampakulia wali. "Ila begi, kuanzia kesho, utafunga mwenyewe."