Sahani Iliyokwenda Maabara

Mpishi wa kiwanda chetu cha magodoro tunamwita Shangazi. Meneja anamwita hivyo, mafundi wa cherehani wanamwita hivyo, na hata mlinzi wa getini, aliyemzidi umri, naye anamwita Shangazi bila haya. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika stoo bila simu. Aliingia jikoni pale akiwa msichana wa kuosha vyombo, akaolewa, akafiwa na mume, akasomesha watoto wawili, yote hayo aproni ikiwa kiunoni. Akikupenda atakutania mpaka ukome. Asipokupenda atakuita "bwana" na kukupa wali wa juu juu.

Alhamisi ndiyo siku yake. Siku hiyo hupika nyama ya ng'ombe ya krimu, chakula alichofundishwa na mama mkwe wake, ambaye kwa mengine yote hawakuelewana. Nyama huikata vipande, huikaanga mpaka ishike rangi, kisha huiacha ichemke taratibu na vitunguu na pilipili manga. Krimu huitia mwishoni, moto ukiwa umeshapunguzwa, maana ikichemka sana inakatika na sosi inakuwa mabongemabonge. Harufu yake hufika hadi kwenye mashine za kukatia sponji, na huko kazi hulegea kabla kengele haijalia.

Tulipoanza tulikuwa wachache. Kiwanda kikakua, foleni ikafika mlangoni, lakini nyama inayoletwa jikoni ikabaki ileile. Shangazi hakusema kitu. Vipande akavipunguza, sosi akairefusha kwa maziwa na unga wa ngano, na kila mtu akapata. Hilo ndilo alilojivunia kuliko upishi wenyewe, kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyefika dirishani kwake akaambiwa chakula kimekwisha. Angekubali umwambie sura yake mbaya kuliko umwambie sufuria yake haikutosha.

Mwaka huu kampuni ilituletea madaktari watupime. Wengi walikutwa na presha, na wachache mafuta yalikuwa yamezidi kwenye damu. Meneja akashtuka, akaajiri afisa lishe, binti mpole mwenye miwani, apime kila chakula tunachokula. Kitakachoonekana na mafuta mengi kitaondolewa.

"Shangazi," binti akasema, "naomba sahani moja ya kila chakula, niipeleke maabara."

"Wewe tu mwanangu, utapata."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu. Shangazi alijua sahani ile inatoka nje ya kiwanda, inakwenda kwa watu wasiomfahamu. Ataipelekaje ikiwa na vipande vitatu vinavyoogelea? Alizamisha upawa mpaka chini akatoa nyama iliyonona, akajaza, kisha akamimina krimu tupu juu yake, ile ambayo ilikuwa haijaonja maziwa wala unga. Alifanya hivyo kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya nyumbani kwake. Hata meneja, anayekuja kula nasi mara mojamoja, huwekewa hivyohivyo.

Majibu yalibandikwa ukutani karibu na dirisha la chakula. Nyama ya krimu, sahani moja: kalori zaidi ya elfu moja, mafuta gramu sabini. Chini yake pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba itaondolewa mwisho wa mwezi.

Utani ulianza hapohapo. Watu wakawa wanauliza kama Alhamisi waje na wosia. Wengine wakahamia kwenye maharage, na sufuria ya Shangazi, kwa mara ya kwanza, ikarudi na mabaki. Niliona jinsi alivyokuwa akiyatazama, sikupenda. Mtu wa maneno mengi akinyamaza anatisha.

Jumatatu yake alimfuata binti ofisini, akafunga mlango, lakini sauti yake haijui milango.

"Ile sahani niliyokupa siyo wanayokula hawa."

"Una maana gani, Shangazi? Ulinidanganya?"

"Sikukudanganya. Nilikupa heshima yako."

Binti akamweleza bila kumkaripia kwamba nyama yenyewe haina ubaya. Nyama ya ng'ombe inatoa protini ya kujenga mwili, madini ya chuma ya damu, na vitamini ambazo maharage hayana. Kinacholeta mafuta mengi ni krimu, na kinacholeta madhara ni kuzidisha. Ila yeye hawezi kufuta majibu kwa maneno matupu. Lazima apime sahani wanayokula wafanyakazi, na ataichukua mwenyewe kwenye foleni.

"Ichukue," Shangazi akasema. "Mafuta hutayaona."

Alhamisi binti alipanga foleni nyuma yangu, akaomba mtu mwingine ampokelee sahani ili Shangazi asijue ni yake, akaondoka nayo imefunikwa. Majibu mapya yalibandikwa kando ya yale ya zamani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyabandua ya kwanza. Mafuta gramu kumi na nane. Wino mwekundu ukapigwa mstari. Chakula kitabaki. Tulipiga makofi, na Shangazi akatoa kichwa dirishani akicheka, akatuita wajinga wote.

Ila dereva wa lori la magodoro, tunayemwita Mzigo, alikuwa bado anasoma. Yeye husoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye viberiti.

"Hapa kwetu protini gramu kumi na nne," akasema. "Kule kwenye ya kwanza, sitini na tano. Shangazi, ile sahani ya kwanza ilikuwa ya nani?"

"Ya mgeni."

"Na sisi ni nani?"

"Nyie si wa nyumbani?" akajibu haraka, na alimaanisha. Kwake hilo ni neno zuri kabisa.

Mzigo hakubishana. Alitazama mikono yake, inayobeba magodoro tangu asubuhi mpaka jioni, akachukua sahani yake akaenda kukaa. Hakuna aliyecheka. Shangazi alibaki ameshika upawa, na uso wake ukabadilika taratibu, nami nikamwonea huruma, ingawa nilikuwa na njaa.

Wiki ile hakumtania mtu. Tulipomwamkia aliitikia kama karani wa benki.

Alhamisi iliyofuata meneja alikuja kula nasi, amefurahi kwamba chakula kimepona. Alikuja moja kwa moja dirishani, mbele ya foleni, kama kawaida yake. Shangazi alichukua sahani, akaweka wali, akazamisha upawa katikati ya sufuria, siyo chini, akamwekea vipande vitatu na sosi yetu nyepesi.

Meneja akageuza kwa uma. Akatafuta upande wa pili wa wali.

"Shangazi, nyama iko wapi?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Nilitegemea Shangazi atatoa mzaha, akili yake ni nyepesi kwa hayo. Alijifuta mikono kwenye aproni, mara mbili, na macho yake yakajaa machozi.

"Ndiyo hiyo, baba," akasema. "Haitoshi. Haijatosha siku nyingi."

Meneja alisimama pale, ametazama sahani, kisha akageuka akatutazama sisi, mmoja mmoja, mpaka mlangoni. Shangazi hakumsubiri. Alinyoosha mkono kuchukua sahani iliyofuata, ambayo ilikuwa yangu.