Kiapo cha Mtu Asiye na Dini

Katika Garissa ya miaka ya tisini mtu alikuwa Muislamu au alikuwa Mkristo, na uliulizwa wewe ni yupi kabla chai yako haijapoa. Mimi nilijibu kwamba si huyu wala yule. Watu walicheka wakidhani natania. Wengine waliuliza tena polepole, kama wanamuuliza kiziwi. Nikirudia jibu lile lile, walisogeza kiti kidogo, si kwa chuki, bali kwa kutojua waniweke wapi.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya wavulana, nimetoka Taita. Nina kichwa kigumu na nalisema hilo bila haya. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na nilipoacha kuamini nilimwambia mezani, ugali ukiwa bado unafuka moshi. Wengi niliosoma nao chuoni walikuwa hawaamini kama mimi, lakini Jumapili walivaa tai wakaenda kukaa benchi la mbele ili wakwe zao wawaone. Mimi nililala. Usingizi ule najivunia mpaka leo.

Mke wangu alikuwa muuguzi katika kliniki ya akina mama, na imani yake ilitosha watu wawili. Tulibishana tangu siku za uchumba. Yeye alisema kutoamini kwangu nako ni dini, tena dini kali, maana naihubiri kumshinda padri. Mimi nilisema si dini, ni kukosa dini tu.

"Mimi sinywi maziwa ya ngamia," nilimwambia siku moja. "Je, kutokunywa maziwa ya ngamia ni kinywaji?"

"Mbona basi asiyekunywa hayo maziwa hawaamshi majirani kila siku kuwaambia kwamba hanywi?" alijibu.

Hapo niliomba niongezewe chai. Mke wangu alikuwa akinishinda mara nyingi kwa njia hiyo, na mimi sikuwa nikikubali kwamba nimeshindwa.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mmoja aliyekimbia vita Somalia. Alipitia kambi ya Ifo, kisha akaja mjini na watoto wake. Mumewe hakufika. Alikuwa na punda jike wa rangi ya majivu na mkokoteni wenye pipa, na kazi yake ilikuwa kuchota maji mto Tana na kuyauza mtaani. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia na kuuzia tu, lakini yeye na mke wangu walielewana kwa namna ambayo sikuwahi kuielewa. Alimwita mke wangu walaal, yaani ndugu, na mimi aliniita maalim.

Yule punda alikuwa mwizi. Alinilia suruali ya kazi ikiwa kwenye kamba, akabakiza mkanda. Siku nyingine alipenyeza kichwa kwenye ua wangu wa seng'enge akifuata maganda ya tikiti, akanasa sikio. Nilimnasua mwenyewe huku akinipiga mateke, na sikio likachanika. Nikampaka ile dawa ya zambarau ya mke wangu, na kwa muda mtaa mzima ukawa unamcheka punda mwenye sikio la zambarau.

Kiangazi kilipokaza, kila mtu aliwaachia punda wake usiku wajitafutie majani. Asubuhi moja punda wa yule mama hakurudi. Alipatikana kwenye boma la mfanyabiashara mmoja wa mifugo, mtu wa Garissa tangu babu zake, mwenye heshima na ndugu wengi. Naye alikuwa amepoteza punda jike wa rangi ya majivu mwenye sikio lililochanika, ila alidai wa kwake alichanwa na miiba. Hakuwa tapeli. Aliamini kabisa kwamba punda wake amerudi nyumbani.

Shauri likapelekwa kwa wazee. Walikaa alasiri, baada ya swala, kwenye baraza ya hoteli moja karibu na soko la mifugo, mikeka imetandikwa na birika za chai ya maziwa zimepangwa. Desturi yao ilikuwa wazi. Pakikosekana ushahidi, unaapa, na wanaume wa ukoo wako wanaapa pamoja nawe. Mfanyabiashara alikuwa na kaka, binamu na wajomba waliojaza benchi mbili. Yule mama alisimama peke yake, ameshika shela yake chini ya kidevu. Alikuwa na mimi tu. Punda akienda, maji yameenda, na maji yakienda, watoto wake wangerudi kambini kupanga foleni ya chakula. Nililijua hilo nilipokuwa nikivuka barabara kwenda kutoa ushahidi.

Mwenyekiti wao alikuwa mzee mwenye ndevu nyekundu za hina. Alinikaribisha vizuri.

"Maalim, wewe najua hii bunda?"

"Namjua," nikasema. "Ni wa mama huyu."

"Haya. Kula yamini."

Kumbe walikuwa wamejiandaa. Kijitabu cheusi kilitolewa kwenye leso safi. Ilikuwa Biblia, wameiazima kwa askari mmoja kituoni, kwa sababu waliona si haki kuniapisha kwa Kurani. Heshima ile ilinigusa kweli. Walihangaika kwa ajili yangu, mgeni, mtu wa Kenya kama wanavyotuita sisi wa mikoa mingine.

"Siwezi," nikasema. "Mimi si Mkristo."

"Basi lete Kurani," mtu akasema.

"Wala si Muislamu. Sina dini."

Binamu mmoja wa mfanyabiashara akainuka. "Mtu haogobi Mungu, maneno yake ni ubebo tu," akasema, na upepo ule alioutaja akaupuliza kwa mdomo ili nielewe vizuri. Benchi zote mbili zikaunga mkono. Yule mama hakuwa ameelewa maneno yangu, lakini alizielewa nyuso za watu, na akaivuta shela ikamfunika mdomo.

Shekhe wa msikiti alikuwapo. Alikuwa amesoma Lamu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliinua mkono watu wanyamaze.

"Mwalimu, hebu nieleze. Kwako wewe kitabu hiki ni karatasi na wino."

"Ndiyo."

"Wala huamini kwamba yuko anayekusikia."

"Siamini."

"Basi weka mkono wako juu ya karatasi, sema maneno yako, mama wa watu apate punda wake, sote twende zetu. Unapoteza nini?"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunibana hivyo. Lilikuwa swali la haki kabisa. Kama kutoamini ni pengo tu, pengo halimzuii mtu kugusa karatasi. Nilitazama kile kitabu kwenye leso, na mkono wangu ukakataa kwenda.

"Nitakuwa nimewadanganya," nikasema. "Ninyi mtaniamini kwa sababu ya kitabu, na mimi nitakuwa najua kwamba kitabu hakikunishika."

"Nani kakukataza kudanganya?"

"Hakuna. Nimejikataza."

Shekhe alitabasamu, na lile tabasamu lilinikera kuliko matusi ya binamu. "Basi wewe si mtupu unavyojisema," akasema. "Mtu mtupu hajikatazi. Una kitu humo, ila hutaki kukipa jina."

"Sina kitu," nikasema kwa sauti ya juu, kama nipo darasani. "Na kama nikiwa nacho, jina nitakipa mimi."

Najua watu watakaosema kwamba niliuweka ubishi wangu mbele ya mkate wa watoto yatima. Hata pale pale niliiona hatari hiyo. Lakini ushahidi wangu ulikuwa na thamani moja tu, kwamba ni wa kweli, na kuuanza kwa uongo ni kuutia maji. Nilisimama pale nimekauka kama kuni, nikiwa nimejaa kiburi, nikijua kwamba kiburi hicho huenda kikamgharimu mtu mwingine na si mimi.

Mzee wa ndevu nyekundu alikuwa akinitazama muda wote kama wanavyotazama fahali sokoni. Akaweka kikombe chini.

"Maalim. Wewe iko na bibi?"

"Ninaye."

"Nabenda yeye?"

Watu wakacheka. Nikasema nampenda.

"Basi wacha fitabu. Kula yamini ya talaka."

Kicheko kikakatika. Hata mimi nilikijua kiapo hicho, kwa kuwa nilishawasikia wafugaji wakikitaja kwa sauti ya chini. Mwanamume anasema, kama ninasema uongo mke wangu ameachika, na basi, imekwisha. Akiwa mwongo, hata kama hakuna binadamu anayejua, anarudi kwenye nyumba isiyo yake. Wako watu walioapa kwa kila kitu duniani wakakwama walipofikishwa hapo.

Shekhe hakupenda. "Mambo ya talaka hayachezewi, wala sheria yetu haimhusu mtu huyu," akasema.

"Sheria ni yako, shekhe," mzee akajibu. "Bibi ni yake."

Kabla ya hapo nilikuwa nimesema "namjua" kwa urahisi, kama mtu anayesema jua limetoka. Sasa nililipima neno hilo kwanza. Nikamwona mke wangu amevaa sare yake nyeupe, yuko kliniki anapima watoto, hajui kwamba anatajwa kwenye baraza ya wanaume. Na mimi, mwalimu wa fizikia, nikaanza kujiuliza kama kweli ninamjua punda yule. Punda wa majivu ni wengi. Masikio yaliyochanika ni mengi. Je, nilikuwa na hakika, au nilikuwa na huruma tu?

"Naomba kumwona tena," nikasema.

Aliletwa mpaka kwenye ngazi ya baraza. Nilishuka, nikalishika sikio la kushoto, nikalifuata kovu kwa kidole. Ule mchano mkubwa ungeweza kuwa wa mwiba, sikatai. Nikaendelea kupapasa mpaka karibu na shina la sikio, chini ya manyoya, nikakuta kitobo kidogo kilichoziba vibaya. Mwiba wa pili wa seng'enge uliingia hapo, nami niliung'oa kwa vidole vyangu huku mnyama akinipiga teke la paja. Nilimwonyesha mzee, na shekhe naye akainama akaona. Punda akajaribu kulitafuna shati langu.

Nikapanda tena kwenye mkeka. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

"Kama punda huyu si wa mama huyu, mke wangu si mke wangu tangu saa hii."

Halafu yule mfanyabiashara akainuka, akaisukuma pembeni fimbo yake, akaifungua kamba ya punda yeye mwenyewe na kuiweka mikononi mwa yule mama.

"Mimi nimekosea," akasema, akiwatazama ndugu zake waliokuwa wamenuna. "Hakuna mwanaume nachoma nyumba yake kwa sababu ya bunda ya mtu."

Punda wake alionekana baadaye ng'ambo ya daraja, mnene na mwenye afya, na mfanyabiashara mwenyewe alikuja kunieleza habari hiyo kwa furaha. Lakini jioni ile hakuwa na hakika yoyote zaidi ya neno langu, na alilikubali mbele ya ukoo wake mzima. Nilirudi nyumbani nikitembea kifua mbele. Miaka yote watu wa mji ule walikuwa hawajui waniweke wapi, na leo walikuwa wameniweka mahali.

Habari ilikuwa imenitangulia. Mke wangu alisimama mlangoni, bado na sare yake, mikono kiunoni.

"Nasikia umeapa kwa talaka yangu kwa ajili ya punda."

"Ndiyo."

"Punda aliyekula suruali yako."

"Huyo huyo."

"Ungeshika tu Biblia ya watu. Ungekuwa umeshaoga sasa hivi."

"Ningekuwa mwongo."

Nilitarajia anigombeze, na alikuwa na haki. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini kama nilipokuwa naapa niliogopa. Nikamwambia kweli, kwamba niliogopa, na kwamba sijawahi kuogopa hivyo maisha yangu yote.

"Uliogopa nini?" akasema, na hapo niliona kwamba alikuwa akiingoja nafasi hii tangu siku za uchumba. "Si wewe unayesema hakuna anayekusikia?"

"Wewe ungesikia," nikamwambia.

Safari hii sikuhesabu nani ameshinda. Alinipisha mlangoni, na nilipopita alinishika bega, akaliminya kwa nguvu kama mtu anayehakikisha kwamba kitu ni chake.