Mpini wa Ratomir

Vukica alikuwa mkandaji wa unga katika duka la mikate, na mikono yake ilisema hivyo: viganja vinene, vidole vifupi, ngozi iliyozoea moto wa tanuri. Mikono hiyo ilimlisha yeye na mama yake katika mji wa Paraćin tangu baba alipofariki, na hakuna aliyewahi kuidharau mpaka alipojiunga na klabu ya kulenga shabaha.

Kwa asiye na bastola yake, klabu ilikuwa na moja tu ya kupelekwa kwenye mashindano. Mpini wake wa mbao ya mjozi ulichongwa zamani kwa kipimo cha mkono wa Ratomir, bingwa wa mji, sasa marehemu, mtu wa vidole virefu. Picha yake ilitundikwa juu ya jiko la kahawa, na wanaume walipopita chini yake walishusha sauti utadhani wamo kanisani. Marufuku kuugusa mpini ule kwa tupa wala msasa. Upuuzi mtupu! Mpini huchongwa ufuate mkono. Hawa walitaka mkono uchongwe ufuate mpini.

Kila Vukica alipoishika bastola, ncha tu ya kidole chake ndiyo iliyofika kwenye kifyatulio, na akifyatua, kidole kinausukuma mtutu pembeni. Risasi zake zikaenda kushoto, zote, zikarundikana mahali pamoja. Mwenye macho angeona hapo mkono uliotulia. Mzee Dobrivoje, mwalimu wa klabu, aliona kingine.

"Mama mikate, unatetemeka. Hilo si donge la unga, usiliminye."

"Sitetemeki, mzee. Mpini haunifai. Kidole hakifiki."

"Ratomir hakuwahi kulalamika."

"Angelalamikia nini, na umechongwa kwa kipimo cha mkono wake?"

"Mchagua jembe si mkulima," akasema mzee, na wenzake wakacheka. "Mkono utazoea."

"Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!"

Wakacheka tena. Vukica akarudi nyumbani na hasira, akaiacha supu ya mama yake bila kuionja.

Jumamosi ile klabu ilikuwa inakwenda Jagodina kwa mashindano, na nafasi moja ya timu ilikuwa wazi. Ingekuwa yake, au ya Nebojša, mtoto wa ubatizo wa Dobrivoje, kijana mpole asiye na kosa ila kupendelewa. Nebojša alikwishapiga Jumanne kwa bastola hiyohiyo, akapata alama za kutosha. Vukica angepiga Alhamisi. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine, maana maisha yake yote alikuwa amechaguliwa kwa kazi tu, kamwe si kwa sifa.

Jumanne hiyohiyo akaomba kuufungua mpini, auchukue nyumbani akaupake mafuta. Dobrivoje akamsifu: hiyo ndiyo kazi ya mwanamke mwenye heshima.

Heshima! Vukica akajipaka unga kiganjani, akaushika mpini, akauachia. Mbao nyeusi ikabaki na madoa meupe mawili tu, chini ya kiganja na kwenye kidole gumba. Kwingine mkono na mbao havikuwa vimesalimiana. Palipokuwa peupe akapiga tupa. Akapaka unga tena, akashika tena, akapiga tupa tena, huku akimtukana Ratomir, na Dobrivoje, na kila aliyecheka. Mwisho mpini wote ukatoka mweupe. Akausafisha kwa msasa, akaupaka mafuta kweli, na vumbi la mbao akalitia kwenye mfuko wa karatasi wa mikate.

Alhamisi kidole kilikaa kwenye kifyatulio bila kuomba ruhusa. Risasi zilizokuwa zikirundikana kushoto sasa zikarundikana katikati. Alama za Nebojša zikaachwa mbali.

Dobrivoje akapiga makofi. "Nafasi ni yako! Si niliwaambia? Mpini wa Ratomir haumtupi mtu. Mkono umezoea!"

Vukica angenyamaza, yangekwisha. Nafasi alikuwa nayo mkononi. Hasira hasara, na Vukica aliijua methali hiyo vizuri. Lakini kuiba sifa yake mbele ya macho yake! Akautoa ule mfuko, akaumwaga juu ya meza ya mzee.

"Huyu hapa Ratomir wako. Mzoee wewe."

Dobrivoje alipoutambua unga ule wa mbao, akageuka mweupe, kisha mwekundu. Akamfukuza klabuni, na nafasi akampa Nebojša.

Ijumaa asubuhi, Vukica akiwa dukani anakata bureki, ule mkate wa matabaka wenye jibini, mzee akaingia, akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika akainamia kaunta.

"Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi," akanong'ona. "Njoo."

"Na Nebojša?"

"Alijaribu jana jioni. Tangu uuchonge, mkono wake unaogelea kwenye ule mpini. Hagongi kitu."

"Mwambie mkono utazoea."

"Vukica, mwanangu..."

"Utazoea au hauzoei? Sema, foleni isikie."

Watu wakageuka kutazama. Mzee akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Hauzoei," akasema, na sauti ikafika mpaka mlangoni.

Vukica akamfungia kipande chake cha bureki, akakisukuma kwenye kaunta.

"Nitakuja," akasema. "Lakini usidhani nimekusamehe."